Kiswahili cha Nyumbani na Kiswahili cha Shule: Maelezo juu ya Kumsaidia Mtoto wa Darasa la Kwanza katika Kilosa na Mikumi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo waalimu hulitaja kwa maneno machache na wazazi hulitaja kwa masikitiko, nalo ni namna mtoto mdogo, wa darasa la kwanza au la pili, awezavyo kusaidiwa nyumbani kwao katika masomo ya shule. Mifano yangu naitoa katika Wilaya ya Kilosa: mji wenyewe wa Kilosa, vijiji vilivyo kandokando ya Mto Mkondoa, na mji mdogo wa Mikumi ulio upande wa kusini. Sikuichagua nchi hiyo kwa kuwa watoto wake ni wagumu kufundishika kuliko wengine. Niliichagua kwa sababu lugha zinazokutana humo ni nyingi, na kwa hiyo mambo ambayo mahali pengine yamefichika humo huonekana waziwazi.

Dai langu ni hili. Shida kubwa ya mzazi si kutojua masomo. Ni kutojua kwamba Kiswahili cha shule na Kiswahili cha nyumbani, ingawa jina lao ni moja, si kitu kimoja. Mzazi asiyejua hata kuandika jina lake aweza kumfaa mwanawe sana akilitambua jambo hilo. Na mzazi aliyesoma mpaka chuo aweza kumpoteza asipolitambua.

Kwanza yafaa tuijue nchi. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, nayo ilipita Kilosa. Pamoja na reli yakaja mashamba makubwa ya mkonge, kama yale ya Kimamba na Rudewa, na mkonge ukaleta vibarua kutoka kila upande wa nchi. Baadaye lilitolewa tawi la reli kutoka Kilosa kwenda Kidatu kwa njia ya Mikumi. Ndiyo sababu mjini Kilosa mtoto huweza kuzaliwa na mama Msagara na baba Mnyamwezi, jirani yake akawa Mbena au Mluguru, na lugha ya uani ikawa Kiswahili tangu asubuhi hata usiku. Lakini mtu akitoka mjini kidogo tu mambo hubadilika. Wenyeji wa wilaya ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Wakaguru wengi siku hizi wamo katika Wilaya ya Gairo, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Tena wapo wafugaji wa Kiparakuyo, ambao lugha yao ni Kimaasai, na kijiji chao kinachojulikana sana ni Twatwatwa. Mikumi, kwa upande wake, ni mji wa barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, nao umepakana na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Jina lenyewe, kama wenyeji wasemavyo, limetokana na mti uitwao mkumi, ambao vitabu vya Kiswahili huuita mvumo. Hivyo hata jina la mji laweza kuwa somo la kwanza la mtoto: kwamba kitu kimoja huweza kuwa na jina nyumbani na jina jingine kitabuni, wala hapana kati ya hayo mawili lililo kosa.

Lugha hizi za wenyeji si ngeni kwa wataalamu. J. T. Last, aliyekuwa mmisionari katika nchi ya Ukaguru, alitoa sarufi ya Kikaguru mwaka 1886, T. O. Beidelman alikaa wilayani humo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 akaandika mengi juu ya hadithi, mithali na vitendawili vya Wakaguru. Na Malin Petzell alitoa kitabu kizima juu ya lugha hiyo mwaka 2008. Kisagara na Kividunda havikupata bahati kama hiyo.

Sasa niingie katika swali ambalo wazazi huuliza kwanza. Je, mzazi aache kusema Kisagara na mtoto, ili Kiswahili cha shule kiingie vizuri? Wengi wamekwisha kuacha. Hapana shaka nia yao ni njema, maana tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mtoto aingiaye darasani bila Kiswahili hukaa miezi mingi kama mgeni. Lakini tuangalie hasara yake. Mama aliyelelewa kwa Kisagara, akijilazimisha kusema na mwanawe kwa Kiswahili alichokipata sokoni, husema maneno machache: njoo, kaa, kula, lala, acha, kalete maji. Hadithi hazimo, wala maelezo ya sababu, wala utani, kwa kuwa mambo hayo anayo katika lugha yake. Mtoto huyo hufika shuleni hana Kisagara na Kiswahili chake ni amri tupu. Mwenzake aliyesimuliwa hadithi ndefu kwa Kisagara amekwisha kujua kwamba habari ina mwanzo na mwisho, kwamba tendo hili limeleta lile, na kwamba msemaji huweza kumaanisha zaidi ya alivyosema. Huyo akijifunza maneno ya Kiswahili huyapachika mahali palipo tayari. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mzazi aseme na mtoto kwa lugha ile anayoweza kusema nayo mengi. Ikiwa ni Kiswahili, basi Kiswahili. Ikiwa ni Kividunda, basi Kividunda, na Kiswahili kiongezwe.

Tena lugha za Kibantu zinasaidiana. Mtoto wa Kikaguru huiita lugha yake Chikagulu, na kwa jina hilo moja tu tunaona mambo mawili: palipo na ki- katika Kiswahili kuna chi- katika lugha yake, na sauti iandikwayo r vitabuni yeye huitamka l. Akiandika 'chiti' mahali pa 'kiti', hakukosa kwa uvivu. Amefuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu mkubwa. Mzazi anayezijua lugha zote mbili aweza kumwambia kwa sentensi moja: sisi twasema chi-, kitabu husema ki-. Sentensi hiyo moja humfaa mtoto kuliko kusahihishiwa neno mojamoja mwaka mzima. Kwa mtoto wa Kiparakuyo mambo ni magumu zaidi. Kimaasai si lugha ya Kibantu. Majina yake hugawanywa kwa jinsia, ya kiume yakianza na ol- na ya kike en-, wala hayana ngeli kama zetu. Mtoto huyo hakuletewa na nyumbani kwao ule upatanisho wa 'kiti changu kimevunjika', naye atausikia mara elfu kabla haujamkaa kinywani. Usipochekwa utakuja wenyewe.

Nirudi kwenye Kiswahili, maana huko ndiko kwenye tatizo lisiloonekana. Mtoto wa mjini Kilosa asiyejua lugha nyingine ye yote naye hukutana na maneno ya kigeni darasani, ila maneno hayo yamevaa nguo za nyumbani. Tuchukue neno 'toa'. Mama husema 'toa sufuria jikoni', na sufuria hutoka. Mwalimu husema 'tano toa mbili', na hakuna kinachotoka po pote. Mtoto atakiwa kuona akilini vilivyobaki. Neno 'jumla' nyumbani ni bei ya mwenye duka kubwa, nayo ni ndogo kuliko ya rejareja. Shuleni jumla ni namba inayozidi zote zilizotangulia. 'Kugawa' nyumbani ni kumpa kila mtu kwa kadiri ya umri na heshima yake, baba kipande kikubwa na kitindamimba mfupa. Shuleni kugawanya ni kufanya mafungu yaliyo sawasawa. Mtoto akigawa machungwa sita kwa watu watatu akampa babu matatu, nyumbani amepata sifa ya adabu, na shuleni amepata alama ya mkasi.

Mjini Kilosa, katika baraza moja isiyo mbali na stesheni, nilimkuta mtoto wa kike akifanya kazi aliyopewa na mwalimu wake. Alitakiwa kuandika majina ya mahali kwa kuanza na herufi kubwa. Aliandika 'kilosa' kwa k ndogo, lakini k hiyo aliirefusha ikashika mistari mitatu ya daftari, na herufi nyingine zikakaa chini yake kama vifaranga. Bibi yake alikuwa akimsifu, na kwa kweli alistahili sifa, kwa sababu alifanya lile aliloambiwa. Neno 'kubwa' halikuwa na maana nyingine nyumbani kwao. Kesho yake, nadhani, alipata mkasi, wala hakuna aliyemweleza sababu.

Maneno ya namna hiyo si mengi. Ni kama vile jaza nafasi, oanisha, kamilisha, panga kwa kufuatana, zungushia duara, tofauti, idadi, silabi, mstari, nukta. Wataalamu wa msamiati hushughulika sana na istilahi za fizikia na sheria, na ni haki yao. Lakini maneno haya ya amri, ambayo kila mtoto wa nchi hukutana nayo akiwa na umri wa miaka sita au saba, hayajapata kuchunguzwa kwa kadiri hiyo. Kwa mzazi dawa yake ni rahisi. Ayatumie maneno hayo katika kazi za nyumbani. 'Panga sahani hizi kwa kufuatana, kubwa mpaka ndogo.' 'Kuna tofauti gani kati ya mahindi haya na yale?' 'Oanisha ndara za watu wote zilizo mlangoni.' Asiyejua kusoma aweza kusema hayo yote.

Katika kusoma kwenyewe kuna mtego wa majina ya herufi. Wazazi wengi walifundishwa kuziita herufi kwa majina: a, be, che, de. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanza mwaka 2015 katika darasa la kwanza na la pili ulianzia kwenye sauti za herufi. Mtoto akija nyumbani akatamka sauti ya b tu, midomo ikifunguka bila kutoa jina, baba humkemea: 'Sema be!' Sasa mtoto akichukua 'be' akaiunganisha na 'a' hupata 'bea', wala hapati 'ba'. Baba hukasirika, mtoto hulia, na kitabu hufungwa. Hapo hakuna mjinga. Ni njia mbili zimegongana. Mzazi na akubali njia ya mwalimu hata kama ni ngeni kwake, maana ndiyo itakayorudiwa kila siku.

Kiswahili kina bahati kubwa kwa kuwa silabi zake karibu zote huishia kwa vokali, nazo huandikwa kama zitamkwavyo. Mtoto wa Kiingereza hukutana na maneno yasiyosomeka kwa kanuni tangu juma la kwanza. Mtoto wetu akizijua ba, be, bi, bo, bu na wenzake amefungua sehemu kubwa ya lugha. Ila sehemu iliyobaki ina miiba yake, na hapo ndipo mzazi mwenye masikio hufaa. Mwiba mkubwa ni herufi m na n zikikaa mbele ya konsonanti. Katika 'mtoto', m ni silabi kamili: m-to-to. Katika 'mbuzi', mb ni sauti moja: mbu-zi. Katika 'mbu', yule adui wa Mkondoa wakati wa masika, m hurudi kuwa silabi, tena ndiyo ibebayo mkazo: m-bu. Vivyo hivyo 'mbwa' na 'nchi'. Na liko neno moja liandikwalo namna moja na kugawanyika namna mbili: mbuni, ndege mkubwa asiyeruka, ni mbu-ni, na mbuni, mti wa kahawa, ni m-bu-ni. Hali kadhalika 'mtu mbaya' ni m-ba-ya, na 'njia mbaya' ni mba-ya. Hapana mtoto wa umri wa miaka saba atakayeelewa maelezo ya kiambishi cha ngeli. Lakini akipiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, na bibi yake akipiga pamoja naye, mikono yao itaeleza yote. Bibi huyo hajui herufi hata moja. Silabi anazijua tangu alipoanza kuimba akitwanga.

Miiba mingine niipite upesi: ng na ng', kama katika ngoma na ng'ombe, na zile sauti zilizotoka Uarabuni, dh, th na gh, ambazo watu wengi wa bara huzitamka z, s na g. Mtoto asemaye 'selasini' nyumbani atashangaa kuiona th kitabuni. Mzazi hana haja ya kubadili ulimi wake. Amwambie tu kwamba maneno hayo yana maandishi yake, na yahifadhiwe kwa macho.

Liko kosa jingine, nalo hupendwa kwa sababu linafurahisha. Mtoto huja nyumbani akafungua kitabu, akasoma ukurasa wote kwa sauti tamu bila kukwama, na wazazi wakamshukuru Mungu. Kumbe hakusoma, ameimba. Amesikia darasa zima likiurudia ukurasa ule, naye ameushika moyoni, picha ikimwonyesha mahali pa kuanzia. Nadhani furaha hii ina mizizi ya zamani katika nchi yetu. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mtoto alisoma kwa sauti maneno ya lugha asiyoijua, na kuyasoma vizuri kulikuwa heshima ya kutosha kwa hatua hiyo. Maana yake ingekuja baadaye. Kwa chuo huo ulikuwa mpango wenye akili. Lakini kitabu cha Kiswahili mtoto hukisoma ili aelewe leo hii. Kwa hiyo mzazi na afanye mambo mawili. Afunike picha kwa kiganja, kisha aonyeshe neno lililo mwisho wa mstari, na baadaye lililo katikati, amwulize mtoto ni neno gani. Na baada ya kusoma afunge kitabu aulize, 'Haya, nani alikwenda wapi, na kwa nini?' Mzazi asiyejua kusoma hawezi kufanya la kwanza, ila la pili aliweza kabla mtoto hajazaliwa. Kwa kadiri nionavyo, mtoto anayejua kwamba jioni ataulizwa 'kwa nini' husoma kwa namna nyingine.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa Uwezo, uliofanywa nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, ulikuwa ukimpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, nao ulionyesha tena na tena kwamba wapo watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kuisoma. Mtoto wa namna hiyo hafukuzwi shule. Hukaa nyuma, hunakili, huimba pamoja na wenzake, na mwaka hupita. Tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016 madarasa yamejaa, na hilo ni jema; lakini mwalimu mwenye watoto wengi sana mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma peke yake. Sikio hilo la pekee, kama halikupatikana nyumbani, aghalabu halipatikani po pote.

Ama kwa upande wa hesabu, Kiswahili kimemwekea mtoto pazia ambalo hatulioni kwa kuwa tumelizoea. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa tumeyapata kwa Waarabu, pamoja na makumi yote kuanzia ishirini. Basi angalia litokealo. Kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na tisa, kila neno hujieleza. Kisha ghafula huja ishirini, ambayo haina sauti ya mbili ndani yake. Thelathini haina tatu. Arobaini haina nne. Hamsini haina tano. Themanini haina nane. Sitini, sabini na tisini peke yake huonyesha jamaa zake, kwa sababu sita, saba na tisa nazo ni za Kiarabu. Mtoto anayehesabu 'kumi na tisa, kumi na kumi' huchekwa, na kumbe amefuata mantiki kuliko lugha yenyewe. Nyumbani mzazi na afunge njiti kumi kumi kwa uzi wa mkonge, ambao Kimamba haukosekani, na aseme kwanza 'makumi mawili', 'makumi matatu'. Halafu aseme kwamba makumi mawili jina lake ni ishirini.

Na hapa sokoni hushinda shule. Katika mia, mbili husikika: mia mbili, mia tatu. Sarafu zetu ni za shilingi 50, 100, 200 na 500, na mtoto atumwaye chumvi amezishika mkononi. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mtoto Mikumi ajuaye bila kufikiri kwamba mia mbili na mia tatu ni mia tano, ambayo yeye huiita jero, na asiweze kujibu ishirini na thelathini ni ngapi. Hesabu anayo; limekosekana daraja la maneno. Mzazi na amwambie: zile mia mbili na mia tatu, ziite makumi, utaona jibu ni lile lile. Vipimo navyo vifanye kazi. Sado, debe na nusu debe vimo katika kila nyumba iuzayo mahindi, na wazee wanakumbuka pishi na kwamba pishi ni vibaba vinne. Hata saa ni somo: simu ya baba huonyesha 7:00, na baba husema saa moja. Mtoto akiuliza sababu asifukuzwe. Swali lake ni la kutoa sita, na ni zuri kuliko mengi yaliyomo kitabuni.

Nimetaja simu. Iko kazi moja ambayo imezuka siku hizi bila kupangwa na mtu. Bibi hupokea ujumbe wa fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, naye hana macho ya kuusoma, basi humwita mjukuu. Ujumbe huo una namba ndefu, una mkato na nukta mahali pake, na ni lazima usomwe sawasawa. Sijaona zoezi lo lote la shule lenye uzito kama huo kwa mtoto. Ila jumbe za vijana, ambamo 'sasa' huandikwa 'xaxa', bora asiwekewe mbele mpaka aandike sasa iliyo sasa.

Ni nani basi akae na mtoto jioni? Vitabu vya malezi husema baba na mama. Lakini Wasagara, Wakaguru na Wavidunda huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Shule ikiwaita wazazi mkutanoni ikamsahau mjomba, huenda imemsahau yule ambaye kauli yake ndiyo itakayomfanya mtoto asiachishwe masomo wakati wa kulinda ndege shambani. Zaidi ya mjomba yupo bibi. Bibi na mjukuu ni watani, na utani huo una faida ya elimu. Baba akisahihisha, mtoto huogopa. Bibi akicheka 'kumi na kumi', mtoto hucheka naye, akajaribu tena. Kumpiga mtoto aliyekosa kusoma ni kumfundisha kukitazama kitabu kama fimbo, na jambo hilo sitaliongeza maneno.

Vitendawili ni mali ya bibi hasa. Mwenye kutega husema 'Kitendawili!' nao hujibu 'Tega!', na asiyejua hulipa mji. Tazama kilichomo ndani yake: kusikiliza mpaka mwisho, kulinganisha kitu na kitu, kuvumilia kutojua, na kukubali jibu la mwenzako. Shule zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, kuanzia tarehe 17 Machi mpaka 29 Juni mwaka 2020, masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Nyumba nyingi za vijijini hazikuwa na televisheni. Nyumba zilizokuwa na bibi mwenye vitendawili zilikuwa na shule ya namna yake, wala sisemi hayo kwa kufanya mzaha.

Muda nao si mrefu kama watu wadhanivyo. Robo saa kila siku, mtoto akiwa ameshiba na kabla usingizi haujamshika, yatosha kwa mtoto wa umri huo. Saa nzima ya Jumapili peke yake haitoshi. Mahali ambapo taa ni shida, robo saa hiyo na iwe kabla ya magharibi, na mchanga wa uani utumike kwa kuandikia. Kidole mchangani hufuta kosa bila kuacha kovu, na daftari halifanyi hivyo.

Wasiwasi wangu wa mwisho ni juu ya wale wazazi wa Mikumi wasiokuwa nyumbani jioni, maana jioni ndipo biashara ilipo: mahindi ya kuchoma, mayai, maji, karanga, mpaka basi la mwisho. Mtoto hukaa hapo hapo kando ya kikapu. Mwanzoni nilidhani mtoto huyo amepotea. Kisha nikaona kwamba mbele yake hupita maandishi makubwa kuliko ya kitabu cho chote, yamebandikwa katika vioo vya mabasi: Iringa, Mbeya, Songea, Tunduma. Katika majina hayo manne zimo ng, mb na nd, yaani miiba ile ile tuliyoieleza. Mama mmoja humwuliza mwanawe kila basi lisimamapo, 'Hili laenda wapi?', na mtoto sharti asome kabla kondakta hajapiga kelele. Alipogawa M-be-ya, kwa silabi tatu, hakuna aliyemsahihisha. Kondakta alifungua mlango akaliita jina lenyewe kwa sauti, Mbe-ya, Mbe-ya, silabi mbili, na mtoto akarudia.